Vitundu Vitatu na Maua ya Mpaka

Wadi ya Wanaume, Embu
Jumatatu, 6 Juni 2016

Kwa dada yangu Kathure,

Bwana asifiwe. Nakusalimu kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto bado haunyanyuki. Natumaini magoti yako yamepoa na mvua imewaachia mahindi huko Kianjai. Mimi ni mzima, ukiacha kifua.

Najua umeshaletewa habari zangu, na watu wetu hawapungukiwi na maneno. Wacha nikupe za kweli. Alhamisi nilikuwa sokoni Runyenjes kutafuta fahali wa bucha. Nikapata mmoja mweusi, mnene, mpole kama shemasi. Nikampapasa mapaja, nikaridhika. Nilipopita mbele nimtazame meno akainamisha kichwa, nikadhani ananiheshimu. Pembe iliingia chini ya kwapa la kushoto. Simu ilikuwa mfuko wa koti upande huo huo, ikavunjika pamoja na mbavu mbili. Ndiyo sababu nakuandikia. Tena afadhali barua, kwa maana wewe ukishika simu Kianjai yote inasikia hata kama imezimwa.

Wasamaria wema walinipakia kwenye pikapu ya kahawa wakanileta hapa Embu. Daktari alinitia mpira kati ya mbavu, unashuka mpaka kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Damu inateremka, na hewa inatoa mapovu kama uji wa wimbi unaoanza kuchemka. Mke wangu Felicitas analala kwa binamu yake mtaa wa Dallas, na kila adhuhuri ananiletea supu. Hiyo chupa anaiombea kwa jina la Yesu, sista anamwambia asiiguse tu.

Asante kwa kunishikia bucha. Usikopeshe utumbo. Na Thuranira jirani yetu akija Jumamosi, mwongezee kipande cha ini, kama mimi nifanyavyo. Asipouliza, usimweleze.

Barua nampa Njiru, yule wa pikapu ya kabeji. Yeye hupanda Meru kila Jumanne na Ijumaa, na akishuka atakuja na majibu yako.

Ni mimi mdogo wako,
Mwiti


Kianjai
Jumatano, 8 Juni 2016

Mdogo wangu Mwiti,

Amani ya Bwana ikae juu ya kitanda chako na chini yake pia, kwenye hiyo chupa. Magoti yangu yako vile vile, yanauma yanapotaka. Nimelia, nimeomba, halafu nimecheka kidogo kwa ajili ya huyo fahali. Mungu anisamehe. Umewaua ndugu zake wangapi? Mmoja alikuwa lazima asimame.

Bucha inaendelea. Jana nilikata paja la mbuzi, mteja akaliangalia akaniuliza kama limeanguka kutoka kwa lori. Lakini alinunua.

Jumapili tulikuombea kanisa zima, na aliyeomba kwa sauti kuliko wote ni Thuranira. Alilia mpaka Mchungaji akampa leso yake. Kisha Mchungaji akahubiri juu yenu wawili. Akasema, "Mkitaka kujua upendo wa jirani, msiende mbali. Angalieni Mwiti na Thuranira. Miaka kumi na tisa mmoja anatoa ini, mwingine anatoa ndizi, na hakuna aliyewahi kusikia sauti ikipanda kwenye mpaka wao." Watu wakapiga makofi. Thuranira akainama kama mtu aliyepigwa.

Jioni alileta mkungu wa ndizi kama kawaida yake. Nikamuuliza, "Wewe na Mwiti mlikula kiapo gani?" Akasema ana haraka, ng'ombe anamngoja. Mwiti, mimi ni dada yako. Nilikubeba mgongoni. Hilo ini ni la nini?

Ni mimi dada yako,
Kathure


Wadi ya Wanaume, Embu
Ijumaa, 10 Juni 2016

Kwa dada yangu niliyebebwa mgongoni mwake,

Nakusalimu katika jina la Yule anayeshika pumzi zetu, hasa zangu. Soma hii ukiwa umekaa. Uwe peke yako.

Damu iliyobaki kifuani imeganda. Mpira umeshindwa kuitoa, kama vile mrija unavyoshindwa na uji mzito. Daktari anasema ikikaa pale italivalisha pafu koti gumu na halitapanuka tena, au itaoza. Kwa hiyo Jumanne naenda theata kupasuliwa.

Daktari mwenyewe ni Wambeti, msichana mdogo wa rika la binti yako, mikono kama ya mtoto wa kwaya. Akaniambia, "Mzee, usiogope. Hatufungui kifua. Tunatoboa vitundu vitatu. Kimoja tunapitisha kamera nyembamba kama kalamu, vingine tunapitisha vyombo. Tunaona ndani kwenye televisheni, tunatoa damu, tunasafisha. Na tutaangalia kama pembe iliharibu kitu ambacho eksirei haikuona."

Nikamwambia, "Daktari, mimi na wewe kazi yetu ni moja. Mbavu ni kumi na tatu kila upande, na hakuna anayefika ndani bila shoka."

Akasema, "Za binadamu ni kumi na mbili, Mzee. Ndiyo maana wewe hupasui watu na mimi siuzi matumbo."

Felicitas alicheka. Mimi sikucheka. Dada, nimefungua vifua vya mbuzi na ng'ombe miaka ishirini na sita, na sijaona hata mmoja aliyerudi nyumbani kwa miguu yake. Haya maneno ya vitundu nayajua. Hata mimi, kabla ya kisu, humpapasa mbuzi shingo na kumwambia maneno matamu.

Basi sitaki kwenda nikiwa na mzigo. Unakumbuka mvua ya El Niño, mwaka wa tisini na saba? Ule ukingo kati yangu na Thuranira ulibomoka, na maua yaliyopandwa kuonyesha mpaka yakasombwa na matope. Yeye wakati huo alikuwa Timau kwa kazi ya mashamba ya ngano. Nilikwenda mchana kweupe nikaokota vile vitunguu vya maua, ile mizizi yake ya mviringo, nikavipanda upya. Lakini nilivipanda hatua tatu ndani ya shamba lake. Aliporudi nikamwonyesha kwa kidole, nikasema, "Mungu ni mwema, mpaka wetu haukuguswa." Nilimtaja Mungu, dada. Naye akanishukuru.

Ini ni kwa ajili ya hilo. Kila Jumamosi nilikuwa nikikata kipande nikisema moyoni, hili ni la hatua ya kwanza, hili la pili. Lakini hatua hazipungui kwa ini.

Felicitas hajui. Ukisikia nimekwenda, mwambie Thuranira, mrudishe maua mahali pake, na aniachilie. Lakini ngoja kwanza usikie habari ya Jumanne. Nakusihi, ngoja.

Ndugu yako anayekuaga,
Mwiti


Kianjai
Jumatatu, 13 Juni 2016

Mdogo wangu,

Neema na rehema ziwe nawe, na rehema zitangulie. Barua yako ya Ijumaa ilifika Jumamosi. Nimeisoma nimekaa, nikasimama, nikakaa tena.

Sikungoja.

Usikasirike. Nilifungua Kumbukumbu la Torati ishirini na saba, kumi na saba: "Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake. Na watu wote waseme, Amina." Mwiti, tumesema hiyo Amina kanisani mara ngapi, wewe na sauti yako nzito ukiivuta kutushinda sote? Ningekuachaje uingie chini ya kisu na laana uliyojiitia mwenyewe? Ukifa, umeshaipokea. Ni lazima itolewe kabla.

Kwa hiyo leo asubuhi nilimwita Thuranira nikamsomea barua yako, yote isipokuwa mahali unaposema juu ya simu yangu, lakini hiyo ilikuwa barua nyingine. Hakukasirika hata kidogo. Aligeuka rangi, akakalia ndoo iliyofunikwa, akasema, "Dada Kathure, wacha tu."

Nikamwambia, "Siwezi kuacha, mtu anakufa kesho."

"Basi namsamehe. Barua itunze. Maua yaache pale pale."

"Na hatua tatu zako?"

"Sizitaki hata moja. Nakuomba. Tusipimepime."

Nikasema moyoni, huyu ni mtakatifu, na sisi tulimwibia mtakatifu. Nilishika jembe mwenyewe pamoja na magoti yangu, nikaita akina mama wawili wa kanisa, tukang'oa maua yote kutoka juu mpaka chini mtoni. Nikapima hatua tatu kuja upande wetu, hatua zangu za kweli, si za mbuzi, tukayapanda tena. Thuranira alisimama ameshika kitunguu kimoja cha ua kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake. Nilimwona akitoa jasho, na jua lilikuwa halijatoka.

Sasa nenda theata ukiwa mwepesi. Njiru anashuka leo usiku na kesho alfajiri atakuletea hii, utaisoma kabla ya dawa ya usingizi.

Dada yako anayekufungia saumu,
Kathure


Wadi ya Wanaume, Embu
Alhamisi, 16 Juni 2016

Kwa dada yangu Kathure,

Haleluya! Shika mkono huu, ni wa moto! Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Nimepona.

Sijapata barua yako. Naambiwa pikapu ya Njiru imekwama Chuka tangu Jumanne, giaboksi. Kwa hiyo hii nampa mwalimu mmoja anayekuja huko kwa mazishi, umpe chai.

Nilipoamka nilipapasa kifua kutafuta mshono. Nilitarajia ule wa kutoka shingoni mpaka kitovuni, kama gunia la viazi. Nikakuta bandeji tatu ndogo ubavuni. Nikamwita sista, nikamwambia, "Mmeghairi?" Akasema, "Mzee, tulimaliza saa tano zilizopita." Dada, vitundu vyenyewe ni vya urefu wa ncha ya kidole! Kwa kimoja wametoa damu iliyoganda, imejaa bakuli. Mimi nikimtolea mteja figo kwa tundu kama lile, atasema nimemroga.

Daktari Wambeti alinionyesha picha. Wamenilaza pafu moja, likasinyaa, wakapata nafasi ya kufanya kazi, kisha wakaliamsha. Nimeona pafu langu mwenyewe. Ni la rangi ya waridi, na lina madoa machache ya moshi wa kuni. Lingekuwa kwenye bucha yangu ningelining'iniza mbele kabisa.

Na kamera ilikuta kitu. Unaijua ile nyama nyembamba inayotenga kifua na tumbo, ile tunayowapa mbwa? Kwangu ilikuwa na mpasuko wa urefu wa ncha ya pembe. Eksirei haikuuona. Daktari akasema mpasuko kama ule ukiachwa, tumbo linapanda polepole kifuani mwaka hadi mwaka, na mtu anajiona mzima, mpaka siku moja. Akaushona humo humo kwa vitundu vile vile. Nikamwita malaika. Akasema malaika hawalipwi mishahara ya kuchelewa.

Sasa napuliza glavu kama puto mara kumi kila saa ili pafu lifunguke. Wadi nzima inanihesabia.

Dada, sasa jambo lenyewe. Ile barua ya Ijumaa ichome. Yule aliyeiandika alikuwa maiti, na mimi simjui. Nitamwambia Thuranira mwenyewe, kwa wakati wake, kwa lugha nzuri, labda baada ya mavuno. Ulinisikia nikisema ngoja, na najua ulingoja, kwa maana wewe ni mtu wa subira.

Ni mimi ndugu yako mzima,
Mwiti


Kianjai
Jumapili, 19 Juni 2016

Mdogo wangu uliyefufuka,

Nakushika mikono yako yote miwili, na usiniponyoke. Sifa ni kwa Bwana, na shukrani kwa yule msichana. Mwalimu nilimpa chai na mkate.

Barua yangu ya tarehe kumi na tatu sasa umeipata, kwa maana Njiru amesharudi na kusema alikufikishia. Basi umeshalia ulichotaka kulia. Barua yako sikuichoma. Nimeiweka ndani ya Biblia, kwenye Torati.

Sasa sikiliza, kwa sababu kuna la ajabu kuliko vitundu. Jana nilikwenda kwa Thuranira kukata majani ya migomba ya kufunikia chungu cha githeri. Nikaingia kwenye shina la katikati, lile lenye takataka nyingi chini. Kisu kikagonga kitu. Nikaondoa majani makavu. Mwiti, ni jiwe. Jiwe la sarveya la kuonyesha mpaka, lina nambari, lile lile baba alilotuonyesha tukiwa wadogo tukala chapati juu yake.

Nikahesabu. Kama wewe ulisogeza maua hatua tatu ndani ya shamba lake, jiwe lingekuwa upande wetu. Lakini liko kwake. Kutoka hapo mpaka maua nilipoyapanda juzi ni hatua tano. Tatu ni zile nilizompa mimi mwenyewe kwa jembe langu na magoti yangu. Mbili alikuwa nazo tayari! Jirani yako alirudisha zako zote tatu, halafu akaongeza mbili za asante, jumla tano.

Nilimkuta akikamua. Nilimwonyesha tu kisu kilivyopinda. Ndoo ikamwagika.

Akasema, "Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Niliogopa kumwambia mzee wa kanisa ni mwizi. Basi kila alipoenda kununua ng'ombe mbali, nasogeza kidogo. Kanyayo kamoja. Nilipofika kwenye jiwe nilitaka kusimama, Dada, lakini mkono ulikuwa umeshazoea."

"Na ndizi?"

"Wewe unadhani ndizi ni za nini?"

Nikamwambia aende akiri. Akanitazama kwa uchungu. "Ndugu yako ana bahati," akasema. "Yeye ana fahali. Alikiri akiwa anakufa, kila mtu anamlilia. Mimi niko mzima kama unavyoniona, sina hata kikohozi. Nitaanzia wapi?" Kisha akaniuliza kama kuna ugonjwa mdogo wa kifua anaoweza kupata bila kuumia sana.

Kwa hiyo nimempakia kwa Njiru. Mwenye kukuletea barua hii ndiye yeye, yuko mbele yako sasa hivi. Usimwonyeshe. Ana jambo la kusema, na wewe usimsaidie kulisema hata neno moja. Akinyamaza, puliza glavu.

Dada yenu nyote wawili,
Kathure


Wadi ya Wanaume, Embu
Jumanne, 21 Juni 2016

Kwa dada yetu Kathure,

Tunakusalimu. Nimeandika "tunakusalimu" na hujakosea kusoma. Mwenzangu yuko hapa kwenye stuli anakula supu ya Felicitas, na anasema nikuulize magoti.

Alifika jana saa nne, amevaa suti ya Pasaka, amebeba mkungu wa ndizi begani kupita wadi nzima. Akanipa barua. Nikaisoma yote, naye ananitazama uso kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Nikaikunja. Nikaiweka chini ya mto. Nikachukua glavu.

Nilipuliza mara ya kwanza, akasema mvua ni nzuri. Mara ya pili, akasema barabara ya Chuka ni mbaya. Mara ya tano akaomba aone vidonda. Nikafunua shati. Akainama akaangalia muda mrefu.

"Hivi tu?" akasema.

"Hivyo tu."

"Mwiti, kwa vitundu hivi ulikiri mpaka wa miaka kumi na tisa?"

"Mimi nilijua ni shoka."

Nikapuliza mara ya nane. Ya tisa. Basi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mlangoni, "Na mimi ni tano!" Mgonjwa wa pembeni akadhani anahesabu glavu, akamsahihisha, "Ni tisa, Mzee."

Dada, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, zikaniuma, nikalia, nikacheka tena. Thuranira akaogopa kwamba ameniua sasa hivi, akaenda mbio kumwita daktari. Daktari Wambeti alikuja, akaweka kipimo chake masikioni, akasikiliza kifua mbele na nyuma. Akasema, "Pafu limefunguka lote. Hiki kicheko kimefanya kazi kuliko glavu. Huyu mgeni wako abaki." Leo asubuhi ametoa mpira. Naruhusiwa kuja nyumbani Alhamisi.

Felicitas alitukuta hivyo, ikabidi tumwambie yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hiyo ini zuri lilikuwa likitoka nyumbani kwangu kwa sababu ya maua?" Lakini leo supu ameleta bakuli mbili.

Tumepatana hivi. Jumamosi tutakwenda kwenye jiwe, mimi na yeye, na mimi sitashika jembe kwa amri ya daktari. Yeye atachimba, mimi nitaimba. Maua yatakaa kwenye mstari wa baba. Jumapili tutasimama mbele ya kanisa tuseme, kwa maana Mchungaji alituhubiri na sharti ajue alihubiri nini. Thuranira anaomba mimi nianze, kwa vile mimi ndiye nina vidonda vya kuonyesha.

Jambo moja bado linatusumbua tangu jana, na hakuna kati yetu anayethubutu kulitaja wa kwanza. Kwa hiyo uliza wewe, polepole, kama wazo lako mwenyewe: ndizi zitaendelea? Zikiendelea, na ini litaendelea.

Amesoma juu ya bega langu. Anasema zitaendelea.

Ni mimi mdogo wako,
Mwiti